Gari la Mama Davis

Mzee Masalu alivua viatu, akapanda nyuma ya gari na kujilaza chali mbele ya wateja wote wa yadi.

"Miguu inatosha, Baba?" aliuliza mwanawe Davis, akiwa ameshika mlango.

"Inatosha. Na vidole vinacheza."

"Kichwa?"

"Kichwa nacho kiko mahali pake. Hebu funga mlango tuone."

Davis akafunga. Mzee alitazama dari, akamfikiria mkewe Paskazia akiitazama dari hiyohiyo kutoka Ushirombo hadi Mwanza, saa nne nzima, kila baada ya wiki tatu. Machozi yakamjia. Akasingizia kukohoa.

Lilikuwa gari la tano tangu asubuhi, na Abdulhalim, mwenye yadi hapo Geita mjini, alikuwa ameanza kuichoka familia hii. Gari la kwanza lilikuwa zuri lakini la chini. Mvua za Machi zikishika, kwenye ile njia yao ya mbugani lingekaa topeni kama kiboko. La pili lilikuwa la juu, ila viti vyake vya nyuma havilali. La tatu na la nne viti vililala, lakini kila tuta lilipiga mgongoni. Wateja wengine huuliza gari linakula mafuta kiasi gani. Hawa walikuwa wanaingia na kulala.

"Mzee, unatafuta gari au gesti?" Abdulhalim alitania dirishani.

"La familia hilo," Davis alidakia. "Viti saba. Mama anataka kwenda kuwaona ndugu zake Shinyanga hata wakati wa mvua, bila kushuka kusukuma."

Hivyo ndivyo walivyokubaliana kusema, hasa mbele ya mama mwenyewe, ambaye muda huo alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisini na binti yao Noela.

Ukweli mzee aliambiwa miezi miwili nyuma. Siku hiyo walikwenda kupima wote wawili: yeye tumbo lililomsumbua tangu mavuno, mkewe presha. Daktari alimwita Davis peke yake. Davis alipotoka, alimvuta baba yake kando, hadi kwenye kijiwe cha bodaboda. Wewe ni vidonda vya tumbo tu, Baba, alisema, utameza vidonge. Lakini Mama ana uvimbe, tena ule mbaya. Tusimwambie. Akijua atakata tamaa, atatufia kabla ya siku zake.

Mzee Masalu akakubali, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Miaka thelathini na nane ya ndoa hakuwahi kumficha mkewe kitu, hata ile siku aliyouza ndama wa watu ili anunue redio. Sasa alikuwa anamdanganya kila asubuhi kwa salamu tu. Chakula hakikupita kooni; mkanda wake alishautoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Na yule mama, masikini, asiyejua lolote, ndio kwanza alizidisha wema. Minofu yote ya sato alimwekea yeye. Maji ya moto ya kuoga, yeye. Hata jembe alikuwa amemficha. Kila alipotendewa hayo, mzee alijiona msaliti asiyestahili hata maji ya kunywa.

Davis alifungua mlango, akamshusha kwa mikono miwili kama anayeshusha trei ya mayai.

"Wabeja, mwanangu," mzee alishukuru. "Tuchukue hili. Mimi nimemzidi mama yako shubiri nzima. Nikienea mimi, yeye atageuka apendavyo."

"Mgongo haukuumi? Mbavu je?"

"Sasa mbavu zangu zinahusu nini hapa?"

Davis akainama kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Paskazia akaja kwa hatua za haraka, amevaa kitenge chake cha kanisani, Noela nyuma yake. Hakuangalia rangi wala magurudumu. Aliingiza mkono nyuma ya gari, akabonyeza sakafu, akabonyeza tena.

"Pagumu," alisema. "Tutatandika godoro. Baba Davis, umejaribu kulalia ubavu?"

Hapo mzee alishindwa. Mgonjwa wa kufa anamwuliza mzima habari za ubavu! Akamshika mkono.

"Mama Davis, nisamehe."

"Baba," Davis alisema kwa sauti ya chini, "si tulikubaliana?"

"Nilikubali, na nimechoka." Aliyasema hayo mbele ya Abdulhalim, wala hakujali. "Mama Davis, hakuna cha safari ya Shinyanga. Gari hili ni la kukupeleka hospitali Mwanza, ukiwa umelala. Siku ile tulipopima, daktari aliona uvimbe. Wanao wakaniambia nikufiche, nami nikakuficha miezi miwili, tunakula sahani moja. Nimekusaliti, mke wangu."

Alingoja alie. Aliyelia ni Noela, uso ameugeuzia ukutani. Paskazia hakutoa chozi. Alimtazama mumewe kuanzia usoni, akashuka hadi kwenye mkanda, kisha polepole akamgeukia mwanawe.

"Davis," alisema. "Kumbe yeye mlimwambia ni mimi?"