Breki Aliyoisahau Nyegere

Enzi wanyama walipopenda pikipiki za magurudumu manne, hakuna aliyenunua kabla Nyegere hajatoa hukumu. Siku moja alijaribu mbili za wauzaji wawili mchangani mbele ya wanyama wenzake. Nyekundu ya Ngiri ilichomoka kama mshale. Ya bluu, ya Kakakuona, ilikoroma, ikafuka moshi na kugoma kukata kona.

"Huu mkokoteni!" Nyegere akatangaza. "Hauna mbio, haushiki njia, na bei yake ni wizi mtupu."

Wanyama wakacheka, wakaondoka na Ngiri. Kakakuona akainama, akafungua kijiti kidogo kwenye usukani.

"Bwana Nyegere, breki ya kuegeshea uliiacha imefungwa," akasema kwa upole. "Panda basi, nikufikishe nyumbani."

Nyegere uso ukamshuka. Alipanda nyuma, akaona haya hata kumshika mwenzake magamba. Pikipiki ikaruka, ikakata kila kona bila kuyumba, mpaka ikawafikia Ngiri na wateja wake njiani.

"Kumbe inakimbia hivi!" Swala akamaka. "Nyegere, si ulisema mkokoteni?"

Kakakuona akapunguza mwendo ili mwenzake ajibu. Nyegere akajifuta macho, akasema vumbi limemwingia, kisha akamnong'oneza Kakakuona aongeze mwendo.