Kidude cha Nyuma ya Sikio

Kila mgeni anayeajiriwa Japani huwekewa kidude nyuma ya sikio, na hakitolewi mpaka mkataba uishe. Kazi yake ni kukunong'oneza yale ambayo wenzako hawayasemi. Niliomba likizo ya siku kumi na nne. Meneja wangu, Kuroda, akatabasamu: "Vizuri, kapumzike." Kidude kikaninong'oneza: *Nyingi.* Nikachukua tano.

Nilifika nyumbani Korogwe mchana. Mke wangu, Mwantumu, akanipokea begi.

"Siku tano tu, baba Zuhura? Hata msibani watu hukaa zaidi."

Kidude kikanong'ona: *Nyingi.*

Kilifundishwa kwa Wajapani. Mwantumu hakimjui. Nilijiambia hivyo mara mbili.

Mwantumu akatangulia ndani na begi.

Nikamuuliza basi la Dar siku hizi linaondoka saa ngapi.