Sahihi ya Ijumaa

Kila Jumatatu asubuhi, Mzee Mbwambo, mpima moshi wa kiwanda, alikuwa akijaza vipimo vya wiki nzima kwenye daftari na kutia sahihi hadi ya Jumamosi. Karani Zubeda aliona, akanyamaza. Ndivyo walivyofanya wapimaji wote waliomtangulia mzee.

Jumatano kifua kilimbana mzee. Alhamisi wakamzika nyuma ya kiwanda.

Ijumaa mkaguzi wa serikali alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa siku hiyo.

“Saa nne, moshi wa kawaida,” akasoma. “Namtaka huyu aliyetia sahihi leo.”

“Ametoka kidogo,” meneja akadakia, akimkazia Zubeda macho.

Zubeda akainuka taratibu, akafungua dirisha linalotazama makaburini. Moshi wa manjano ukaingia, ukatanda juu ya daftari.