Darubini Juu ya Bunduki ya Babu

Fundi wa bunduki pale Kasese alichagua darubini kubwa kuliko zote, akaiweka juu ya bunduki ya marehemu mume wangu.

"Mjukuu wako ni msichana. Bila hii, kesho kwenye mtihani atakosa shabaha na atanyimwa leseni ya kuwinda swala."

Mjukuu wangu Kabugho akainamisha kichwa. Askari aliyekuwa akisubiri zamu yake akanipisha kwenye kiti. Nilimshukuru, lakini sikukaa.

"Nipe ganda tupu la risasi," nikamwambia fundi.

"Mukaka, bibi yangu, mambo ya bunduki tuachie sisi."

"Nipe."

Nikalitia ganda ndani, nikavuta ule mkono wa chini wa kutolea ganda kama mume wangu alivyovuta miaka arobaini. Ganda likaruka juu, likagonga tumbo la darubini, likarudi na kukwama.

"Bunduki hii hutemea maganda juu," nikasema. "Kesho angepiga moja tu, halafu ingekwama mbele ya watahini."

Askari akacheka. "Afande mukaka!"

Fundi akatoa darubini ndogo, ya kufungwa mbele kwenye mtutu. Akaninyooshea mimi.

"Muulize mwenye bunduki," nikamwambia.

Ndipo alipomtazama Kabugho, naye Kabugho alikuwa ameshainua kichwa.