Nyumba Bila Ardhi

Suad alijilaza kifudifudi chini ya nyumba yake ya magurudumu, akasikia lori likirudi nyuma kuja kuivuta.

"Nyumba ni zenu, hatuzidai," meneja wa kiwanja zilipoegeshwa nyumba hizo alikuwa amewaambia wakazi. "Ardhi ndiyo yetu. Ziondoeni."

Kule Mombasa bibi yake alizeekea katika nyumba bila ardhi, na wenye ardhi walisema maneno yale yale, kwa tabasamu lile lile. Umbali wote huu hadi Sydney! Kumbe dhuluma haiombi viza.

"We Suad, wafanyani huko?" mamake aliuliza dirishani. "Buibui lachafuka!"

"Naizuia nyumba isiende, mama."

"Haya. Mimi nateleka chai."

Suad akabonyeza ncha ya msumari kwenye mdomo wa tairi. Upepo ukatoka taratibu, upepo wa miaka, wenye harufu ya mpira, ukampepea usoni kama pumzi ya aliyelala. Nyumba ikashuka upande mmoja kama mtu anayekaa kitako baada ya safari. Vikombe vikagongana juu. Dereva akapiga honi.

Akatambaa kuliendea tairi la pili. Kabla hajaligusa, akasikia tairi la jirani likitoa upepo, kisha la jirani wa pili, hadi kiwanja kizima kikawa kinapumua.