Kioo Juu ya Ufa

Fundi wa ofisi ya majumba ya kale alikuwa amegandisha kipande cha kioo juu ya ufa, kwenye ukuta uliotenganisha nyumba ya Bi Zuwena na ya jirani. Kikivunjika kabla masika hayajaisha, alisema, ukuta unatembea, na nyumba itabidi ibomolewe. Nyumba za mtaa ule zilisimama safu moja, zikiegemeana. Ikiondoka moja, zilizobaki zisingekawia.

Siku ile ile jirani, Mzee Khelefu, aliacha kutwanga kahawa ndani. Miezi miwili ya mvua alitwangia ng'ambo ya njia, kinu chini ya mwavuli, asije akautikisa ukuta. Hakuombwa na mtu.

Leo jua liliwaka. Fundi alipitisha kidole juu ya kioo, mara mbili.

"Kizima, mama."

Bi Zuwena alikwenda dirishani.

"Mzee Khelefu! Rudisha kinu ndani, kahawa imeloa vya kutosha!"

Wakasikia mlango, kisha kitu kizito kikitua nyuma ya ukuta. Mchi ukagonga mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Bi Zuwena na fundi wakakitazama kioo.