Makaa ya Udi

Mvua ilikuwa siku ya tisa, na gari la makaa halikuwa limefika mjini. Mtoto wa Chausiku, muuza mboga, alizaliwa kabla ya siku zake, na mkunga alionya kwamba chumba kisipoe hata kidogo. Basi kila nyumba ya mtaani ikawa inapeleka moto kwa zamu.

Zamu ya Bi Salha ilipofika, alibeba kopo la makaa yake ya kufukizia udi. Siku tisa nzima hakujifukiza, wala kahawa ya alasiri hakuionja. Njiani aliwaambia wawili watatu, "Nimejinyima, jamani!"

Barazani kwa Chausiku alimkuta Fundi Mahfudhi, seremala, amepiga magoti akiikata meza yake ya kazi kwa msumeno. Bi Salha aliijua meza ile. Juu yake ndipo kilipochongwa kitanda cha harusi yake mwenyewe, na fundi hakuwa na nyingine.

"Fundi! Kesho utafanyia wapi kazi?"

"Chini, bi mkubwa. Mbao zangu zote zimeloa. Hii tu ndiyo kavu."

"Kwani mtoto ni wa ndugu yako?"

"Hata jina bado hajapewa."

Akautia mguu wa meza kwenye jiko lililokuwa mlangoni mwa chumba. Ukashika moto papo hapo, na chumbani kikasikika kilio chembamba, cha kwanza tangu asubuhi.

Bi Salha alisimama na kopo lake kifuani, likinukia udi. Taratibu akaliweka chini, akavua viatu, akapiga magoti kwenye unga wa mbao, akaishika meza upande wa pili isitikisike.